Mpiga besi anapimwaje? Msikilize Tom Malanga kwenye 'Sina Makosa'

Ukishuka Mikumi jioni, pale mabasi ya Iringa na Mbeya yanaposimama, si ajabu kukuta 'Sina Makosa' ya Les Wanyika ikitoka kwenye spika kubwa la baa. Kifua kinatikisika kabla hujajua ni wimbo gani. Sasa panda gari la kwenda Kilosa, abiria wa siti ya nyuma aufungulie wimbo huo huo kwenye simu. Sauti ipo, gitaa la solo lipo, ila kuna kitu kimepotea.

Kilichopotea ni Tom Malanga.

Malanga alipiga gitaa zito la besi kwenye bendi hiyo iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978, wanamuziki kadhaa walipojitenga na Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga. Kwenye Les Wanyika walikuwemo John Ngereza, Issa Juma, Rashid Juma kwenye drams na Omar Shabani, maarufu kama Profesa, kwenye gitaa la rithimu. Mashabiki wengi wa zilipendwa watakutajia Ngereza au Issa Juma haraka. Ukiuliza nani alipiga besi, kimya.

Simu nayo inachangia. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu ni ndogo mno kusukuma hewa kwa uzito huo, kwa hiyo sehemu kubwa ya besi haikufikii kabisa. Anayebishana kuhusu mpiga besi kwa kusikiliza spika ya simu ni kama mtu anayechambua mechi huku nusu ya uwanja imefunikwa turubai. Vaa hedifoni kwanza, kisha tubishane.

Ukishavaa, usihesabu kasi ya vidole. Hapo ndipo wengi wanakosea: wanampima mpiga besi kama mpiga solo. Sikiliza anavyoelewana na rithimu. Gitaa la Profesa linatiririka, halafu Malanga anaingia, anasema neno lake, ananyamaza. Ule unyamavu ndio unaochezesha kiuno. Angejaza kila nafasi, wimbo ungekuwa mzito kama uji uliolala.

Angalia pia alikuwa amezungukwa na nani. Muziki wa Les Wanyika ni mwepesi, vyombo vichache, kila kimoja kinasikika peke yake. Mpiga besi akiteleza hapo hana pa kujificha. Kwenye bendi yenye safu ya tarumbeta na saksafoni kama Msondo Ngoma, alikopiga Suleiman Mwanyiro 'Computer', kazi ni nyingine: kushikilia nguzo watu wengi wasigongane. Kuwashindanisha wawili hao bila kuangalia bendi zao ni kuwaonea wote.

Wazungu nao wana habari hiyo hiyo. Freddie Mercury wa Queen, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1946, anajulikana hadi kwa wasiosikiliza roki. Lakini 'Another One Bites the Dust', uliokamata namba moja Marekani mwaka 1980, uliandikwa na mpiga besi wao, John Deacon, na umejengwa juu ya besi yake. Deacon ana bahati moja: jina lake lipo kama mtunzi. James Jamerson alipiga besi kwenye nyimbo kibao za Motown bila kutajwa kwenye santuri, hadi albamu ya Marvin Gaye, 'What's Going On', ilipomtaja mwaka 1971.

Mkoa wa Morogoro wenyewe unaujua ugonjwa huu. Taja Morogoro Jazz, jibu ni Mbaraka Mwinshehe, na ni haki yake. Hadi anafariki kwa ajali Mombasa mwaka 1979 alikuwa mtu wa solo, sauti na tungo. Waliosimama nyuma yake wakamtandikia njia, vijana wangapi wa Kilosa wanaweza kuwataja hata wawili?

Na hili si suala la sifa tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua pia mtumbuizaji, siyo mtunzi peke yake. Ila ukidai haki ya rekodi ya miaka 40 iliyopita ambayo jina lako halikuandikwa popote, yaani unaanzia wapi?

Kwa sasa, kwenye harusi nyingi besi inapigwa na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Bajeti ikibana, mpiga besi ndiye wa kwanza kuambiwa abaki nyumbani. Wageni hawaulizi yuko wapi. Wanarudi tu kukaa mapema kuliko zamani.