Ugonjwa sugu wa fizi kwa paka: dalili, tiba na matunzo

Katika nyumba na maduka yaliyo karibu na mpaka wa Rusizi I, paka hufugwa hasa ili awinde panya. Akiisogelea sahani ya sambaza, akainusa, kisha akarudi nyuma bila kula, wengi hudhani ameshiba au amelishwa sumu. Huenda ni kinywa kinachomuuma.

Chanzo

Paka mzima ana meno 30. Utando wa bakteria hujijenga juu ya meno hayo. Usipoondolewa, hugeuka ukoga mgumu, na fizi huvimba. Katika hatua hiyo fizi zaweza kupona. Maradhi yakifika kwenye mfupa unaoshika jino, mfupa uliolika haurudi. Baadhi ya paka hupatwa na uvimbe mkali wa kinywa kizima, kwa kuwa kinga ya mwili huushambulia utando huo kupita kiasi.

Dalili

Kinywa hunuka, mate hudondoka, paka hutafuna upande mmoja, huacha kujilamba manyoya na hukonda. Mate yakiandamana na ukali wa ghafla au kupooza, usimguse: huenda ni kichaa cha mbwa. Mwite daktari wa mifugo.

Tiba

Daktari huondoa ukoga na kung'oa meno mabovu paka akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Kwa uvimbe wa kinywa kizima, mara nyingi hung'olewa magego yote au karibu yote. Wengi hupata nafuu kubwa na hula vizuri bila magego hayo, ingawa baadhi huendelea kuhitaji dawa. Antibiotiki peke yake hutuliza kwa muda tu.

Matunzo nyumbani

Loweka sambaza katika maji ya vuguvugu, uwaponde, bila chumvi wala pilipili. Fizi zikishapona, mzoeze paka mswaki laini wa mtoto, kila siku ikiwezekana. Usitumie dawa ya meno ya binadamu, kwani paka hawezi kuitema.

Usimpe kamwe parasetamoli. Ini la paka haliwezi kuivunja ipasavyo, na kidonge kimoja chaweza kumuua.

Paka aliyemaliza siku nzima bila kula apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa. Anayekusudia kuvuka mpaka kutafuta tiba Bukavu aulize kwanza hati na chanjo zinazotakiwa kwa mnyama.