Staringi Hafi

Kanuni ya kwanza ya filamu nilifundishwa na mwenye banda la video. Banda lenyewe lilikuwa la mabati, kando ya barabara ya kutoka Kitale kuja Kwanza. Mabenchi matano, televisheni moja iliyofungiwa ndani ya sanduku la mbao, na jenereta nyuma inayonguruma kuliko hata zile bunduki za kwenye filamu. Unatoa shilingi kumi, unaingia, unabanana na wenzako. Kanuni ilikuwa fupi: staringi hafi. Ukiona mtu amepigwa risasi dakika ya ishirini na hajaamka, basi wewe ndiye uliyemhesabu vibaya. Hakuwa staringi.

Aliyetusimulia filamu hizo alikuwa DJ Afro, sauti yake imepachikwa juu ya sauti za wenyewe. Mchina akifungua mdomo, Afro anampa maneno ya mtaani na shida za mtaani. Hatukuhitaji kuelewa Kichina wala Kiingereza. Tulihitaji kujua mambo mawili tu, staringi ni nani na adui ni nani, na hayo yalionekana mapema, kwa mavazi, kwa muziki, kwa jinsi kamera ilivyomkaribia mtu usoni.

Kati ya filamu moja na nyingine, mwenye banda aliweka CD za muziki ili watu wasitoke. Hapo ndipo nilipoona video za muziki mara ya kwanza, maana kwetu hakukuwa na stima. Nazo pia tulizisoma kwa kanuni ileile: huyu anayeletwa karibu ndiye staringi, hawa wanaocheza nyuma watasahaulika.

Miaka ilipita, nikafika chuo kikuu, nikakuta kumbe mambo hayo yana vitabu. Mwingereza Richard Dyer aliandika mwaka 1979 kitabu kiitwacho Stars. Kwake, nyota tunayemwona ni taswira, tofauti na yule mtu mwenye jina lake. Taswira hiyo inajengwa kwa vitu vinne: matangazo ya wanaomuuza, habari zinazosambaa kumhusu, kazi zake zenyewe, na maneno ya wahakiki. Tena nyota lazima abebe mambo mawili yanayogombana, awe mtu wa kawaida kama wewe na awe mtu usiyeweza kumfikia. Steve Neale naye alisema utanzu unaishi kwa marudio na tofauti: tunarudi kuona kilekile, lakini kisiwe kilekile kabisa. Halafu Andrew Goodwin, mwaka 1992, akageukia video za muziki. Akauliza kama picha inaonyesha yale yanayoimbwa, inayaongezea, au inakwenda kinyume nayo. Akauliza pia sura ya msanii inaletwa karibu mara ngapi, kwa sababu uso huo ndio bidhaa ambayo kampuni inauza.

Nilifurahi sana. Nilihisi kama ile shilingi kumi imenirudia na faida.

Tukapewa kazi ya kuchambua video moja. Mimi nikachagua ya mwimbaji mmoja wa Bungoma anayeimba kwa Lubukusu, ambaye kwetu hakuna matanga wala harusi iliyopita bila nyimbo zake. Kazi ilirudishwa na maneno machache kwa kalamu nyekundu: nichague msanii anayejulikana.

Anayejulikana na nani? Sikuuliza. Nikaandika upya, kuhusu Mmarekani mmoja, nikapata alama nzuri. Mwaka uliofuata karo ilinishinda nikarudi nyumbani, na lile swali nikarudi nalo. Kulijibu kunataka turudi nyuma kidogo.

Huku kwetu Magharibi umaarufu ulitangulia kuwa wa sikio. Kuka, babu yangu, alimjua George Mukabi kwa vidole vyake juu ya gitaa la omutibo na kwa mlio wa chupa ya soda inayogongwa pembeni. Mukabi alifariki mwaka 1963, mwaka wa uhuru. Televisheni ilikuwa ndiyo kwanza imeingia Kenya mwaka mmoja kabla, na haikuwa ya watu kama kuka. Alimjua pia Daudi Kabaka, aliyerekodi Nairobi kwenye studio ya Equator Sound. Wimbo wa Kabaka, Helule Helule, ulivuka bahari hadi mwaka 1968 kundi la Kiingereza, The Tremeloes, likaurekodi na kuingia nao katika nyimbo ishirini bora za Uingereza. Fikiria hilo. Vijana wa Uingereza walionekana kwenye televisheni na wimbo wa mtu ambaye mashabiki wake wengi nyumbani hawakujua sura yake.

Siku moja nilimwonyesha kuka picha ya Kabaka kwenye simu yangu. Aliitazama muda mrefu. "Ndiye huyu?" akaniuliza, kama mtu anayetambulishwa kwa jirani ambaye ameishi naye miaka arobaini ukuta kwa ukuta. Halafu akanirudishia simu akasema niweke wimbo.

Dyer hakumwandikia kuka. Katika vile vitu vyake vinne, kuka alikuwa na kimoja, kazi yenyewe, na ilimtosha. Lakini nadharia hiyo inanisaidia kuona kilichobadilika baadaye. Mwaka 1990 KTN ilianza, na shirika la serikali likapoteza ukiritimba wake wa televisheni. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000, vijana waliorekodi na Ogopa Deejays walikuwa na nyimbo redioni na sura kwenye skrini. E-Sir, kijana wa South C aliyechezea Kiswahili atakavyo, akawa nyota kwa maana kamili ya Dyer, mtoto wa mtaa kama wewe, ila hakuna aliyeweza kurap kama yeye. Alifariki katika ajali ya barabarani Machi 2003 wakitoka Nakuru, akiwa na miaka 21.

Video zake ziliendelea kuchezwa. Mimi nilizikuta bandani akiwa ameshazikwa zamani, na sikujua. Nilimwona akiimba, ana nguvu, anacheka na kamera, nikajua huyu ni staringi. Siku mkubwa mmoja aliponiambia alikufa nilibisha kabisa. Nilibisha kwa hoja! Nilimwambia staringi hafi. Watu walicheka, lakini sasa naona wote wawili tulisema kweli. Mtu alikufa, taswira ikabaki kazini, na sisi watoto wa Kwanza tuliokosa magazeti hatukuwa na njia ya kuvitenganisha.

Kisha akaja Makmende. Machi 2010, kundi la Just A Band lilitoa video ya wimbo Ha-He. Ukiichambua kwa Goodwin inakupa kazi, kwa sababu wimbo una maneno machache mno na picha haziyaonyeshi. Video inajifanya filamu ya ngumi ya miaka ya 1970, rangi zimechakaa kwa makusudi, jamaa mmoja mkali anatembea mtaani akichapa wabaya. Neale angetabasamu. Marudio yapo, kila mtu aliyewahi kukaa bandani anaijua filamu hiyo. Tofauti nayo ipo, kwamba mtaa ni wa Kenya na shujaa ni wetu.

Jina lenyewe lilikuwa na historia. Sisi wa Kenya tulikuwa tukimwambia mtoto anayejitia ushujaa, "Unajifanya Makmende?" Inasemwa kwamba neno lilitokana na yale maneno ya Clint Eastwood kwenye filamu ya 1983, ambayo masikio ya Nairobi yaliyasikia kivyake. Yaani watoto walichukua maneno ya staringi wa Marekani, wakayafanya jina la mtu, na baada ya miaka mingi jina hilo likapata mwili. Mwigizaji Kevin Maina ndiye aliyemvaa.

Wanamuziki wenyewe hawakujiweka mbele. Ule uso ambao Goodwin anasema kampuni hudai uletwe karibu ulikuwa wa mtu asiyekuwepo. Tena kazi ya kumfanya nyota ilichukuliwa na watu wa kawaida kwenye Twitter na Facebook. Walitunga vichekesho kuhusu nguvu zake, wakamtengenezea majalada ya magazeti bandia, wakamwandikia makala kwenye Wikipedia, makala ambayo ilifutwa zaidi ya mara moja kabla ya kuruhusiwa kubaki. Wahariri wa huko mbali walitaka ushahidi kwamba Makmende anajulikana.

Nilipolisoma hilo nikakumbuka ile kalamu nyekundu. Swali ni lile. Tofauti ni kwamba Makmende alikuwa na maelfu ya watu wenye intaneti wa kumtetea, na vyombo vya habari vya Marekani vikaandika habari zake. Mwimbaji wangu wa Bungoma alikuwa na mimi tu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye deni la karo.

Mwaka 2018 Ethic Entertainment walitoa Lamba Lolo, na gengetone ikapata jina. Mwaka uliofuata Sailors wakaitikisa nchi na Wamlambez. Utanzu ulizaliwa mbele ya macho yetu na alama zake zilionekana haraka: mtaa badala ya jumba la kukodi, kundi badala ya mmoja, kila msee na mistari yake kisha kiitikio cha wote. Uso unaoletwa karibu unabadilika kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo staringi ni mtaa wenyewe. Na kama utanzu wowote, ulikuwa na mpaka wake. Mwaka 2019 wimbo Tarimbo, uliozungumzia kuwatendea wanawake ukatili kana kwamba ni mzaha, ulilaaniwa, ukaondolewa YouTube, na Ethic wakaomba radhi. Mimi nasema ulistahili. Utanzu kuwa wetu hakuufanyi usikosolewe.

Sasa turudi Bungoma. Video ile niliyoichambua ilipigwa na mtu wa kamera za harusi. Mwimbaji amesimama mbele ya gari lililooshwa likang'aa, nyuma yake bustani ya maua ya watu. Wachezaji wamevaa sare, wanatikisa mabega, kamabeka ile tunayoijua. Kamera inamkaribia mwimbaji, inaligeukia gari, kisha inamwonyesha mzee mmoja ameketi na soda. Mzee huyo ametajwa kwenye wimbo, jina lake, ukoo wake, ng'ombe wake. Ndiye aliyelipia.

Watu wa Nairobi wakiona video kama hizi hucheka, ati ni za kishamba. Lakini zitazame kumi mfululizo. Gari lipo, maua yapo, sare ipo, mfadhili yupo. Marudio. Kisha tofauti: huyu ameongeza litungu, yule amepigia kwenye shamba la miwa, mwingine wafadhili ni kikundi cha kina mama wa chama. Huu ni utanzu kamili, una sheria zake na watazamaji wanaozijua. Na lile swali la Goodwin kuhusu maneno na picha lina jibu hapa ambalo sikulikuta kitabuni. Mwimbaji anamsifu mtu, na papo hapo mtu mwenyewe anaonekana. Picha inafanya kazi ya stakabadhi. Zamani msifiwa alisikia jina lake usiku mmoja wa sherehe likaisha na alfajiri. Kwenye video, pesa yake ina ushahidi.

Na nyota wake? Dyer anataka wa kawaida na asiye wa kawaida kwa pamoja. Nilimwona mwimbaji huyo siku ya soko amepanda bodaboda, gitaa mgongoni, anabishana nauli ya shilingi hamsini. Jioni ileile alipanda jukwaani na watu wakambandika noti kwenye paji la uso. Hakuna meneja aliyepanga mambo hayo yagombane. Ni maisha yake tu.

Hofu yangu sasa ni nyingine. Video hizi zilikuwa kwenye CD na DVD. Mwaka 2015, matangazo ya analojia yalipozimwa na wengi kijijini hawakuwa na king'amuzi, ndizo zilizotuchezea nyumba hadi nyumba. Baadaye vijana wa Kitale wakawa wanakuwekea nyimbo kwenye memori kadi. Chache zimepandishwa YouTube. Nyingine zipo kwenye maboksi, na maboksi yana panya.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa duka moja mjini lililokuwa likiuza CD hizo. Siku hizi ni la M-Pesa na vifuniko vya simu. Mwenyewe akaniambia, "Kijana, hizo takataka ziko nyuma, chukua ukitaka." Nilibeba katoni moja hadi nyumbani. Nyingi zimekwaruzika. Ile ya mwimbaji wangu inacheza vizuri hadi katikati, gari, maua, mabega, kisha inakwama palepale mzee anapoanza kuonyeshwa, soda iko njiani kwenda mdomoni.

Kuka alikuwa ameketi nami. Akainama mbele akamtazama yule mzee aliyekwama.

"Huyo namjua," akasema. Akanitajia jina, na baba yake, na kijito walikokaa kabla ya kuhamia ng'ambo. Nikachukua kalamu nikaanza kuandika.