Seli za damu zilizokataa kuamka

Wandugu, historia hii inatugusa sisi wa agronomia, maana inaanza na maharagi. Canavalia ensiformis, ile tunapandaga kwa kurutubisha udongo, iko na proteini inayoitwa konkanavalini A. Ukiiweka kwa seli nyeupe za damu ya mtu, zinaamka na kuanza kugawanyika.

Mwaka 1983, Augusto Cogoli wa Zürich alituma seli hizo angani ndani ya Spacelab 1. Zilipewa proteini ileile, lakini kuamka kwake hakukufika hata 3% ya zile zilizobaki duniani.

Ni uvutano uliokosekana, ao mtikisiko wa roketi, ao mionzi? Njo maana mwaka 1985, kwa safari ya Spacelab D-1, seli zingine ziliwekwa palepale angani ndani ya mashine yenye kuzunguka, inayorudisha uzito wa duniani. Zile ziliamka. Jirani zake, hapana. Baadaye watafiti walikuta jeni nyingi zinazopaswa kuwaka mwanzoni zikibaki zimezimika.

Kwangu, somo ni ile mashine. Mbolea mupya bila kiwanja cha kulinganisha, hiyo ni kuuzia mulimaji bahati.