Juliana na Utepe Mwekundu: Kitambaa kama Alama Kandokando ya Ziwa Victoria

Kabla Ukimwi haujapata jina la Kiswahili, watu wa Kagera walikuwa wameshaupa jina la nguo. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa nchini walionekana mkoani humo mwaka 1983, na mitaani ugonjwa ukaitwa Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikipendwa sana siku zile, kilichovushwa mpakani na wafanyabiashara kutoka Uganda. Upande wa pili wa mpaka, Rakai, uliitwa Slim kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Wenzetu walitazama mwili. Wahaya wa Kagera walitazama vazi. Ndani ya jina hilo la Juliana mlikuwa na kisa kizima: vita vya Kagera vilivyokuwa vimekwisha juzijuzi tu, magendo, fedha za chapuchapu, na mwanamke aliyeletewa nguo mpya asiulize imetoka wapi.

Miaka minane baadaye kitambaa kingine kilianza safari, New York. Wasanii wa kundi la Visual AIDS walikata utepe mwekundu wa kama sentimita 15, wakaukunja, wakaubana kwa pini. Wazo walilipata kwa Wamarekani waliokuwa wakifunga tepe za manjano kuwakumbuka askari wao waliokuwa vitani katika Ghuba. Rangi ya waridi na za upinde wa mvua walizikwepa kwa makusudi, kwa kuwa zilishahusishwa na mashoga, wakashika nyekundu ya damu. Hawakuudaia haki miliki. Aprili 1992, Wembley, ulitapakaa vifuani katika tamasha la kumkumbuka mwanamuziki Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Unguja. Nguvu ya utepe huo ilikuwa katika kunyamaza kwake: aliyeuvaa angeweza kuwa mgonjwa, mfiwa, au mtu mwenye huruma tu, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumuuliza.

Hoja yangu ni kwamba kunyamaza huko hakukuvuka bahari. Utepe ulipofika kwetu uliingia katika neno lililokuwa na wenyewe. Kwa Mswahili wa kawaida tepe ziko mahali pawili. Ziko mkononi mwa askari, koplo na mbili zake, sajenti na tatu zake, na ni mkubwa anayezitoa na mkubwa anayezivua. Mwingine ni ule unaotandazwa mlangoni mwa zahanati mpya ukimsubiri mgeni rasmi na mkasi wake kwenye sinia. Pote pawili utepe ni mali ya mamlaka. Mtu kujibandika utepe mwenyewe, bila kupewa na yeyote, kwa ajili ya watu asiowajua, lilikuwa jambo geni, na sidhani kama tumekwisha kulizoea.

Angalia Desemba mosi, Siku ya Ukimwi Duniani. Kisanduku cha tepe huanzia meza kuu, kikashuka kwa wakuu wa idara, kikaishia kwa wanafunzi waliopangwa mstari juani. Wa nyuma hupata vilivyobaki, na pini zenye kutu zinazoacha doa kwenye shati jeupe la shule. Sherehe ikiisha utepe huvuliwa pamoja na kitambulisho cha mkutano.

Kuna pia suala la pini yenyewe. Utepe ulibuniwa kwa ajili ya koti lenye ukosi. Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, alfajiri umtazame mama anayepakua dagaa: amejifunga kanga kifuani na nyingine kichwani, na pini haina pa kukaa, maana kanga hufungwa na ikafunguliwa mara kumi kwa siku. Mvuvi aliyetoka kuvua usiku kucha yuko kifua wazi. Hao ndio watu wa mialo ambao kila mpango wa Ukimwi kandokando ya ziwa huwataja kwanza, na ndio ambao utepe hauna pa kuwashika. Isitoshe, kanga ina jina lake, maneno yaliyochapwa pindoni ambayo jirani huyasoma na kuyajibu kwa kanga nyingine. Aliyelelewa katika kitambaa kinachosema atakiona kinyonge kitambaa kisicho na neno. Na wekundu wenyewe anaujua: ni kile kitambaa kinachofungwa kwenye ncha ya mbao zilizochomoza nyuma ya lori, kumwambia anayefuata akae mbali.

Wapo watakaosema alama haikukusudiwa kutibu, na kwamba bila utepe tusingezoea kuutaja ugonjwa hadharani. Kuhusu hilo la kwanza nakubali. La pili nina shaka nalo. Mwaka uleule wa 1991 wasanii walipokuwa wakikata utepe, vijijini Mwanza ulianza utafiti katika jamii 12: nusu yake zahanati ziliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa, nusu zikasubiri. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1995, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 40 mahali tiba ilipoboreshwa. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure katika vituo vya serikali mwaka 2004, watu walianza kusema kwa sababu kusema sasa kulikuwa na faida. Mdomo ulifunguliwa na kidonge.

Utepe nao ulipata kazi nyingine, ambayo wabunifu wake wasingeipenda. Ulichorwa ukutani, juu ya mlango wa CTC, kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU. Kilichobuniwa ili kisimtaje mtu sasa kinamtaja kila anayepita chini yake. Ndiyo maana mgonjwa wa Nansio, kisiwani Ukerewe, mwenye kliniki hatua chache kutoka kwake, hupanda meli akafuate dawa Mwanza mjini. Akiulizwa na abiria mwenzake safari ni ya wapi, hujibu kwamba anakwenda kununua nyavu.