Nyambizi, Kilindini na Meli Isiyo na Kumbukumbu

Jumamosi moja nilivuka feri ya Likoni na binti yangu wa gredi ya sita, tukaenda Fort Jesus, au Ngomeni kama tulivyozoea kuiita wenyewe. Alikuwa ameng'ang'ania aone nyambizi. Nilimwambia mapema kuwa hatutaiona. Jeshi letu la Wanamaji lilianzishwa mwaka 1964 na kambi yake kubwa iko papa hapa Mtongwe, lakini nyambizi halina. Tutakachoona, nikamwambia, ni vitu vilivyokaa chini ya bahari karibu miaka 300.

Navyo tukaviona. Ni mabaki ya Santo António de Tanná, manowari ya Wareno iliyoundwa Bassein, Bara Hindi, ikaja Mombasa kuisaidia ngome ilipozingirwa na Waarabu wa Oman. Mzingiro ulianza Machi 1696 na ngome ikaanguka Desemba 1698. Meli yenyewe ilizama 1697, chini ya kuta za ngome. Wazamiaji waliifanyia kazi kuanzia 1977 hadi 1980, wakatoa maelfu ya vitu: vyungu, sahani, mizinga, vyombo vya mabaharia. Mbao za meli ziliachwa pale pale mchangani. Binti yangu alisimama kitambo mbele ya vyungu, kisha akarudi kwenye swali lake: "Baba, sasa nyambizi inazama vipi na haifi?"

Swali zuri. Chukua chupa tupu uifunge kifuniko, uitupe baharini, itaelea. Ijaze maji, itakwenda chini. Nyambizi ina matangi ubavuni. Ikitaka kuzama hufungua matangi yakaingia maji ya bahari. Ikitaka kupanda, husukuma maji yale nje kwa hewa iliyoshindiliwa ndani ya mitungi. Taabu ni uzito wa maji. Kila mita 10 unazoshuka, mgandamizo huongezeka kwa kiasi sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hivyo chuma chake lazima kiwe kinene. Na zile za zamani zilitumia injini za dizeli zikiwa juu, na betri zikiwa chini, kwa kuwa dizeli haiwaki bila hewa. Betri zikiisha, hazina budi kupanda.

Hapo ndipo nilipomhadithia habari ambayo Ngomeni sikuiona ikiandikwa, wala huku kwetu ng'ambo sijapata kuiona.

Kilindini ni jina letu la Kiswahili, mahali penye kilindi, maji marefu. Kwa sababu ya kilindi hicho, mwaka 1942, Wajapani waliposhambulia Ceylon, Waingereza walihamishia huku manowari zao za Bahari Hindi. Hata shule ya Allidina Visram iligeuzwa kituo cha kunasa na kufumbua siri za redio za Wajapani. Babu yangu mzaa mama alikuwa kuli bandarini siku hizo, naye akitwambia meli zilijaa mpaka mtu akiwa Likoni haoni ng'ambo ya pili. Babu alikuwa na chumvi kidogo, lakini shina la maneno yake ni kweli.

Tarehe 5 Februari 1944, meli ya abiria Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini pamoja na msafara wake kuelekea Colombo. Ilichukua watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki, waliokuwa wakipelekwa kupigana na Wajapani. Walikuwamo pia wauguzi wanawake. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili. Meli ikazama kwa kama dakika mbili. Walikufa watu 1,297, wakaokoka 214. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Wale 214 nao hawakuwa salama. Nyambizi ilijificha chini, nao wakielea juu, na manowari za Kiingereza Petard na Paladin zikatupa mabomu ya kulipukia majini papo hapo walipo. Hatimaye I-27 ililazimika kupanda juu, ikapigwa mpaka ikazama nayo, na karibu mabaharia wake wote wakenda nayo.

Meli ile, ikitoka bandarini, haikuwa na njia nyingine ila kupita mbele ya Likoni. Pahali pale pale tunapogombania kuingia feri kila alfajiri. Naona si haki kuwa Mreno aliyezama 1697 ana kabati la vioo, na kijana wetu wa 1944 hana hata kibao cha jina upande huu wa maji. Mahali papo: liko lenyewe, ambapo watu maelfu hupita kwa siku. Na kibao kikiwekwa, wasisahauliwe wale 272 wa feri ya Mtongwe, Aprili 29, 1994, ambao hawakuwa wakienda vitani, walikuwa wakienda kazini.

Tulirudi na feri ya saa kumi na moja. Binti yangu alishika chuma cha ukingoni, akachungulia maji muda wote, akaniuliza hapa kati urefu wake ni mita ngapi.

"Nyingi," nikamwambia. "Ndiyo maana paitwa Kilindini."