Ngoma za Bujora, Kitabu cha Kagunguli

Kilima cha Bujora kiko jirani na Kisesa, pembeni ya barabara iendayo Musoma. Mapadri Weupe walianzisha parokia hapo mwaka 1952, na aliyeipa sura yake ni Padri David Clement, Mkanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka. Kanisa la Bujora ni la duara, kama nyumba ya Msukuma, na altareni zimo alama za enzi ya mtemi, yaani chifu wa Kisukuma. Kwa miaka ile hilo lilikuwa jambo zito. Wamisionari walikuwa wamefika Bukumbi, kusini mwa Mwanza, tangu 1883, na kizazi baada ya kizazi Mkristo alifundishwa kwamba ngoma na matambiko ni mambo ya kuacha nyuma siku ya ubatizo.

Clement alikaa na wazee, akakusanya nyimbo, hadithi na vifaa. Kisha siasa ikampa kazi kubwa zaidi. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu, na kwa mkupuo mmoja ngoma za kitemi, vigoda, mikuki na ngao vikabaki bila mwenye mamlaka ya kuvitunza. Makumbusho ya Wasukuma yaliyofunguliwa Bujora mwaka 1968 yakawa makazi ya vitu hivyo, ndani ya jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Kwa hiyo mali ya watemi, waliokuwa viongozi wa matambiko ya mvua na mavuno, ilitunzwa katika uwanja wa kanisa.

Kila Juni kanisa na mila hukutana hadharani katika sherehe ya Bulabo, inayoambatana na sikukuu ya Ekaristi. Baada ya ibada huja mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vinavyojivunia waasisi wao, Ngika na Gumha, waliokuwa wachezaji na mabingwa wa dawa. Makundi hucheza kwa wakati mmoja, na ushindi hupimwa kwa umati: anayewavuta watazamaji wa mwenzake ndiye bingwa. Ndiyo maana dawa ya kuvuta watu ni sehemu ya mchezo huo tangu asili. Aliyepokea komunyo asubuhi anaweza kuwa mshabiki mkali wa Bagalu mchana. Wapo wanaouita huo unafiki. Mimi nauona kuwa uaminifu wa mtu mwenye nyumba mbili, na anayezijua zote mbili vizuri.

Lakini aliyeuandika uaminifu huo kitabuni alikuwa ng'ambo ya maji, kisiwani Ukerewe. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa kitawala wa Wakerewe. Alisomeshwa misheni ya Kagunguli, kisha seminari ya Rubya, Bukoba, alikojifunza Kilatini na lugha nyingine za wageni. Hakuwa padri. Alimwoa Anna Katura, na hawakubahatika kubaki na mtoto. Desturi ilikuwa na jibu la haraka kwa mume wa namna hiyo: oa mwingine. Kitereza alibaki na Anna.

Ukilijua hilo, riwaya yake inasomeka kwa uzito mwingine. *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali* inaanzia hapohapo panapouma. Myombekere na mkewe wanapendana lakini hawana mtoto, na wakwe wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere anakwenda ukweni kumwomba arudi, na anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Kitereza hapiti juu juu. Tunaona ndizi zinavyoivishwa na kukamuliwa, watu wanavyoitana kusaidiana, na mkwe anavyosalimiwa. Penzi linapimwa kwa kazi ya mikono. Baadaye wanakwenda kwa mganga, na watoto wanapatikana. Mwandishi Mkatoliki, aliyefundwa na mapadri, anamweleza mganga huyo bila kumdhihaki na bila kumhubiria msomaji.

Alimaliza kuandika mwaka 1945, kwa Kikerewe, ili vijana wa kisiwani wajue mababu waliishi vipi. Padri Almas Simard, naye Mkanada, alikuwa amemhimiza, na akaanza kuifasiri kazi hiyo kwa Kifaransa. Haikuchapwa. Wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache mno machoni pa wachapishaji, na baada ya uhuru lugha iliyopewa nafasi ilikuwa Kiswahili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Mmarekani Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walifika Ukerewe kwa utafiti. Wakamtia moyo mzee aigeuze riwaya yake kwa Kiswahili. Alikuwa mgonjwa wa viungo, na bado akaifanya kazi hiyo mwenyewe, kurasa mamia kwa mamia. Taifa lilitaka lugha moja, naye alitaka kisiwa chake kisisahaulike. Nadhani kazi hiyo ndiyo iliyokuwa gharama ya kuvitii vyote viwili.

Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu kwa tarehe ya 1980, lakini nakala zilichapwa China na zikachelewa njiani. Kitereza alifariki Aprili 1981, Jumatatu ya Pasaka, kabla hazijafika.

Wilhelm Möhlig alikifasiri kwa Kijerumani miaka ya 1990. Tafsiri ya Kiingereza ilisubiri hadi 2002, ilipotolewa na Mkuki na Nyota, kazi ya Gabriel Ruhumbika, mwanariwaya wa Ukerewe na ndugu wa ukoo wa Kitereza. Kiswahili cha mzee kilikuwepo, kimekamilika, na kingempunguzia kazi. Ruhumbika alifasiri kutoka Kikerewe.