Do Inayohama: Historia ya Kipande cha Solfa Juu ya Kinanda

Katika kumbukumbu za usharika yapo mambo yanayoandikwa kwa urahisi: mwaka wa kuwekwa jiwe la msingi, idadi ya waliobatizwa, majina ya wachungaji na wainjilisti waliotumika. Yapo pia mambo madogo ambayo hayaingii katika daftari lolote, ingawa bila hayo ibada ya Jumapili isingekuwa kama tunavyoijua. Mojawapo ni njia ambazo watu wasiopata nafasi ya kusomea muziki wamezitumia ili waweze kuongoza nyimbo kwa kinanda.

Sura hii inahusu chombo kimoja duni kati ya njia hizo. Ni kipande cha karatasi ngumu kilichoandikwa herufi d, r, m, f, s, l, t. Husimamishwa nyuma ya vibonyezo vya kinanda, kisha husogezwa kushoto au kulia kila wimbo unapobadili ufunguo. Anayekitazama kwa mara ya kwanza huweza kudhani kuwa ni mchezo wa watoto. Hata hivyo wazo lililomo ndani yake lina umri wa karibu miaka elfu moja, nalo linatuletea swali ambalo kila usharika unaoingia katika karne yake ya pili hauna budi kulijibu: je, kinanda cha kanisa ni mali ya washarika wote, au ni mali ya mtu mmoja anayejua kukipiga?

Mkono, ngazi na rola

Mtawa Guido wa Arezzo, nchini Italia, alifundisha waimbaji katika miaka ya 1020 na 1030. Aliona kwamba wanakwaya walitumia miaka mingi kukariri nyimbo kwa masikio tu, na mwalimu alipokosekana hawakuweza kujifunza wimbo mpya. Alizipa sauti sita majina ya ut, re, mi, fa, sol na la, aliyoyatoa katika mianzo ya mistari ya wimbo wa Kilatini wa Yohana Mbatizaji. Aliandika kwamba kwa njia yake mwimbaji aliweza kukamilika kwa mwaka mmoja au miwili. Katika karne zilizofuata walimu walizoea kuyapanga majina hayo kwenye viungo vya vidole vya mkono wa kushoto. Mwalimu aligusa kiungo, na wanafunzi waliimba sauti yake. Huo ulikuwa mwongozo wa macho ambao kila mtu alitembea nao bila kuununua.

Karne nane baadaye, katika mji wa Norwich nchini Uingereza, binti wa mchungaji aitwaye Sarah Glover (aliyefariki mwaka 1867) alifundisha watoto maskini kuimba zaburi kanisani. Aliacha alama ngumu za mistari mitano, akachukua herufi ya kwanza tu ya kila jina la sauti. Kwa kuwa so na si zilianza kwa herufi moja, jina la mwisho lilibadilishwa, nalo ndilo tunaloliita ti hadi leo. Alichora ngazi ya sauti ukutani, na mwaka 1835 alichapisha kitabu kuhusu njia ya kuwawezesha washarika wote kuimba. Alikuwa pia na kinanda kidogo cha vipande vya glasi chenye rola iliyoandikwa herufi za solfa. Rola ilipozungushwa, herufi zilijipanga upya juu ya vibonyezo kwa kadiri ya ufunguo uliotakiwa. Kwa hiyo kipande cha karatasi tunachokizungumzia ni mjukuu wa rola ya Glover.

Mwaka 1841, katika mkutano wa walimu wa shule ya Jumapili mjini Hull, mchungaji kijana John Curwen (1816–1880) alipewa kazi ya kutafuta njia rahisi ya kufundisha kuimba. Aliichukua njia ya Glover, akairekebisha na kuieneza. Chati yake kubwa ya ukutani ilikuwa na safu ya do, re, mi katikati, na pembeni safu za funguo za jirani. Mwalimu alielekeza kwa fimbo, na darasa lilimfuata kwa sauti. Msingi wake ulikuwa mmoja: do haina makao ya kudumu. Huhamia mahali ambapo wimbo unaanzia nyumba yake, na sauti nyingine sita huhama pamoja nayo.

Solfa katika Afrika

Njia ya Curwen ilisafiri na wamisionari wa Uingereza. Katika miaka ya 1850 ilikwisha kufika Afrika Kusini, na baadaye ilishika mizizi katika shule nyingi za misheni kwa sababu haikuhitaji mashine maalumu ya uchapaji. Herufi, nukta na mistari ya kalamu vilitosha. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, alitunga wimbo ambao aliuandika kwa nota za solfa. Sauti ya wimbo huo ndiyo inayobeba wimbo wa taifa letu tangu uhuru wa mwaka 1961. Kila unapoimbwa Butiama, mahali alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na kuzikwa mwaka 1999, huimbwa wimbo uliozaliwa katika herufi hizi hizi.

Katika kwaya za Tanzania solfa imekuwa maandishi ya kawaida. Mwalimu wa kwaya huandika ubaoni sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na juu yake huweka maneno machache yanayoonyesha kama do ni G, au do ni D. Wanakwaya hunakili katika madaftari yao. Mtafiti wa Marekani Gregory Barz, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu muziki wa kwaya nchini mwetu, alizichunguza hasa kwaya za Kilutheri za Dar es Salaam, akaonyesha jinsi zilivyoufanya urithi wa kigeni kuwa mali yao.

Kwa watu wa Mara wazo la do inayohama halikuwa geni kabisa. Mpiga nyatiti wa Kiluo hukaza na kulegeza nyuzi zake nane mpaka zikubaliane na koo la mwimbaji, na mpiga litungu wa Kikurya hufanya vivyo hivyo. Mwimbaji halazimishwi kuifuata ala. Ala humfuata mwimbaji. Katika jambo hilo wazee waliotangulia na Sarah Glover wangeelewana upesi.

Jinsi kipande kinavyofanya kazi

Ugumu huanza pale mtu aliyelelewa na solfa anapoketi mbele ya kinanda. Daftari lake linamwambia d, m, s. Kinanda hakina herufi hizo. Kina vibonyezo vyeupe na vyeusi, na mpangilio wake wa mbele haufanani na ngazi ya sauti. Ukitazama mahali vidole vinapogusa, vibonyezo vyeupe saba vina upana ulio sawa. Lakini umbali wa sauti kati yake hauko sawa: kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, ni hatua nusu tu, na penginepo ni hatua nzima.

Siri ya kipande iko nyuma ya vibonyezo, mahali vyeupe na vyeusi vinapoingia pamoja ndani ya mwili wa kinanda. Hapo vyote kumi na viwili huwa na upana unaokaribiana, na kila kimoja ni hatua nusu. Katika kinanda cha kawaida, kutoka do hadi do ya juu ni takribani milimita 165. Ukigawanya kwa 12, kila hatua nusu huchukua karibu milimita 14. Hivyo, ukiweka do kwenye alama ya sifuri, re hukaa kwenye milimita 27 na nusu, mi 55, fa 69, so 96, la 124, ti 151, na do ya juu 165. Kwa kinanda chenye vibonyezo vidogo, hupimwa kwanza umbali wa do hadi do, ukagawanywa kwa 12, na alama zikawekwa kwa hatua 2, 4, 5, 7, 9, 11 na 12.

Kwa kuwa hatua zote ni sawa, kipande kimoja hutosha kwa funguo zote. Wimbo ukiandikwa do ni C, herufi zote saba husimama juu ya vibonyezo vyeupe. Ukiandikwa do ni D, mpigaji husogeza kipande hatua mbili kulia, na mara huona kwamba mi na ti zimehamia juu ya vibonyezo vyeusi. Jambo ambalo lingehitaji masomo marefu ya nadharia huonekana kwa macho. Nyimbo za huzuni, ambazo nyumba yake ni la, husomwa kwenye kipande hicho hicho bila kubadili kitu. Vivyo hivyo d, m, s. F, l, d. Na s, t, r, yaani mafungu matatu ya sauti yanayoweza kusindikiza sehemu kubwa ya nyimbo rahisi za ibada, hubaki na sura moja popote do inapohamia.

Kitufe cha kuhamisha sauti

Vinanda vya umeme vilileta njia nyingine. Vingi vina kitufe cha kuhamisha sauti: mpigaji hupiga kama vile wimbo uko katika C, nacho kinanda hutoa sauti ya D au ya E. Wazo hili pia lina historia. Mtunzi maarufu wa Marekani Irving Berlin (1888–1989) alizoea kupiga karibu kwenye vibonyezo vyeusi peke yake, na alitumia piano yenye wenzo wa kuhamisha sauti. Nyimbo zake zilienea duniani kote. Kwa hiyo si haki kumdharau anayetumia kitufe hicho. Kinamwezesha kuwahudumia waimbaji kwa sauti inayowafaa, na hilo ni jema.

Hata hivyo tofauti ya njia hizi mbili ni kubwa. Kitufe huhamisha sauti na kumwacha mpigaji mahali alipo. Kipande huhamisha jina, na kumlazimisha mpigaji kuhama pamoja nalo. Aliyelelewa na kitufe peke yake huweza kupiga miaka kumi akijua ufunguo mmoja tu. Siku kwaya yake ya Musoma itakapoalikwa Bunda na kukuta kinanda cha upepo cha kukanyaga kwa miguu, au siku umeme utakapokatika, ujuzi wake wote utabaki ndani ya mashine aliyoiacha nyumbani. Hali kadhalika vibandiko vya herufi C, D, E vinavyobandikwa moja kwa moja juu ya vibonyezo: vinafundisha majina ya vibonyezo, lakini havisogei, wala havimwambii mtu do iko wapi.

Kipande nacho kina mipaka yake. Hakifundishi kidole kipi kitangulie, wala sauti idumu muda gani. Tena humzoesha mpigaji kutazama chini badala ya kumtazama mwalimu wa kwaya na kusikiliza washarika. Kwa sababu hiyo walimu wenye busara hukihesabu kuwa fimbo ya mtoto anayejifunza kutembea. Mwanafunzi hupiga wimbo mmoja mfupi katika C, kisha huusogeza hadi G, hadi F, hadi D, mpaka vidole vimeujua. Halafu kipande huondolewa, na wimbo ule ule hupigwa tena bila hicho. Kipande kisichoondolewa kamwe kimeshindwa kazi yake.

Kinanda ni mali ya nani?

Martin Luther alitaka washarika waimbe kwa vinywa vyao wenyewe, na kitabu cha nyimbo alichokitoa Johann Walter mwaka 1524 kilikusudiwa hasa vijana, ili wajifunze mapema. Katika Kanisa letu, mchungaji Bernard Kyamanywa alitunga katika miaka ya 1960 wimbo wa Pasaka «Mfurahini, Haleluya» kwa sauti ya asili ya Kihaya, nao sasa huimbwa katika nchi nyingi. Nyimbo za namna hiyo huanzia kinywani, na kinanda huja baadaye kuzifuata. Kinanda kisichoweza kufuata kinageuka kuwa bwana wa ibada badala ya mtumishi wake.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili dogo. Usharika huweza kuchanga fedha kwa miaka na kununua kinanda kizuri. Mpigaji akihamishwa kikazi, akihamia mbali kwa ndoa, au akiitwa na Bwana, kinanda hicho hufunikwa kitambaa na kusubiri mgeni. Vijana wanaokaa nyuma yake kila Jumapili wanajua solfa tangu shule ya Jumapili. Wanachokosa ni daraja kati ya daftari na vibonyezo. Daraja hilo linapatikana kwa karatasi ngumu, rula na kalamu, nalo hujengwa Jumamosi moja alasiri baada ya mazoezi.

Guido alitaka wanakwaya waweze kujifunza wimbo hata mwalimu asipokuwapo. Glover na Curwen walitaka watoto wa shule ya Jumapili wasizuiwe na umaskini wao. Usharika unaoadhimisha miaka mia moja unapaswa kuwauliza wazee wake wa kanisa na walimu wake wa kwaya swali lililo wazi: ni vijana wangapi, wa kike na wa kiume, wanaoweza kuketi kwenye kinanda hiki Jumapili ijayo iwapo mpigaji wetu hatakuwapo? Kama jibu ni hakuna, basi kipande cha karatasi kiandaliwe, kinanda kifunuliwe kitambaa, na vijana wawili waitwe waanze na d, m, s.